Nimeacha dawa za moyo kwa siri, na ninajisikia vizuri

Mshauri wangu mpendwa,

Nina miaka 49. Miaka miwili na nusu iliyopita nilianza kuishiwa pumzi nikipanda ngazi, nikajiambia ni unene. Baadaye miguu ikavimba hadi viatu vikanikataa, na usiku nikawa silali. Nikijinyoosha tu, nahisi kama mtu amenikalia kifuani. Binti yangu ndiye aliyenikuta alfajiri nimekaa sakafuni nimeegemea kitanda, midomo imebadilika rangi. Alikuwa na miaka 17.

Hospitalini walinipima moyo kwa eko, kile kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti. Wakasema umetanuka na umechoka, kila ukipiga unasukuma asilimia 28 tu ya damu iliyojaa ndani yake, wakati moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Sababu waliitafuta, hawakuipata. Sina presha, sina kisukari, situmii pombe, na mishipa ya moyo ilikuwa safi. Niliruhusiwa nikiwa na dawa tano: enalaprili, kavediloli, spironolaktoni, dapagliflozini na furosemidi ya kupunguza maji.

Nilizinywa kwa uaminifu. Miezi mitano iliyopita eko ikasoma asilimia 53. Daktari alifurahi, akasema nimepata nafuu kubwa, niendelee hivyo hivyo. Nikamuuliza, hadi lini? Akajibu, “Hizi ni za maisha,” huku tayari anavuta faili la mgonjwa anayefuata. Nilitoka pale nikalia. Kama moyo umepona, dawa ni za nini?

Naomba uelewe dawa hizi zilivyonifanya. Kikohozi kikavu usiku kucha, hadi nikahamia chumba kingine ili mume wangu apate usingizi. Kwenye kila shughuli nakaa karibu na mlango ili niwahi chooni, na safari ndefu nimeziacha kabisa. Nikisimama ghafla naona giza. Na lile ninaloona aibu kuliandika: hamu ya unyumba ilinitoka. Daktari ni kijana mdogo wa kiume, nitamwambia nini?

Rafiki yangu wa tangu ujana aliniambia dawa za hospitali zinajikusanya kwenye figo, akaniletea majani ya kuchemsha. Nikasoma pia habari za watu wanaotunza moyo kwa kutembea na kuacha chumvi. Nikaanza kwa kuacha enalaprili. Wiki mbili, kikohozi kikatoweka! Nilirudi chumbani kwetu, na mume wangu akafurahi, akasema, “Naona dawa zimekukubali.” Sikumjibu. Kavediloli nikaipunguza nusu nusu hadi nikaiacha, na nyingine zikafuata. Sasa ni wiki ya saba sinywi chochote isipokuwa furosemidi mara moja moja nikiona miguu imejaa.

Natembea dakika 40 kila siku. Chumvi ya kawaida nimeiondoa, natumia ile mbadala wanayosema ni nzuri kwa wagonjwa. Ninajisikia mwepesi, akili imechangamka. Nimeongeza kilo mbili hivi, nadhani ni kwa sababu hamu ya chakula imerudi, na pete inanibana kidogo. Nalalia mito miwili siku hizi maana shingo inanisumbua. Zaidi ya hapo, sina tatizo.

Tatizo ni binti yangu. Kila Jumapili jioni ananipangia vidonge vya wiki nzima kwenye kile kisanduku chenye vijumba saba. Kila asubuhi navitupa chooni. Akikikuta kisanduku kitupu anatabasamu, na mimi najiona mwizi.

Kliniki ni baada ya mwezi mmoja. Je, kuna watu wanaoishi na ugonjwa huu bila dawa? Nikisema ukweli, watanirudisha kwenye vidonge vitano na kikohozi. Nisiposema, naendelea kumdanganya mtoto aliyeniokoa. Nisaidie kufikiri.

Mwenye Siri ya Jumapili

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye lile swali la “hadi lini?” Mtu aliyetoka asilimia 28 hadi 53 alistahili kukalishwa chini na kuelezwa. Ulipewa jibu la maneno manne. Sikushangai kwamba maelezo yaliyobaki ukajitafutia mwenyewe.

Na sitaki uone aibu. Umehama chumba cha mumeo kwa ajili ya kikohozi, umeacha safari, umepoteza hamu bila kuwa na wa kumwambia. Kisha ukaacha dawa, mwili ukachangamka. Wengi wangefika hapo ulipofika. Mimi si daktari wako na siwezi kuusikiliza moyo wako kupitia karatasi, lakini naweza kukaa nawe tukaipitia barua yako polepole.

Tuanze na neno moja. Wewe umeandika moyo “umepona”. Daktari, kwa maelezo yako mwenyewe, alisema “umepata nafuu”. Kwa Kiswahili chetu hayo ni mambo mawili, na kwa ugonjwa huu tofauti yake ni kubwa. Moyo ukichoka, damu inayofika kwenye figo hupungua. Figo hazijui kwamba kasoro iko kwenye moyo. Zinachukulia kwamba mwili umepungukiwa maji, kama vile umevuja damu nyingi. Basi zinashika chumvi na maji, homoni zinabana mishipa ili presha ipande, na adrenalini inaukimbiza moyo. Kwa saa chache huo ni uokoaji. Ukiendelea kwa miezi, ni punda afe mzigo ufike: moyo uliochoka unapigwa bakora, unazidi kutanuka, unazidi kuchoka. Kavediloli humnyang'anya mpigaji fimbo. Enalaprili na spironolaktoni huzizuia zile homoni zinazobana mishipa na kushika chumvi. Dapagliflozini huulinda moyo kwa njia yake nyingine, kupitia figo. Furosemidi peke yake hutoa maji yaliyokwisha kujaa, na ndiyo maana unaiona inafanya kazi siku hiyo hiyo. Zile nne ulizoziacha hazionekani zikifanya kazi. Zinazuia jambo lisitokee.

Ndivyo unavyoweza kujisikia vizuri kwa wiki saba. Madhara ya dawa huondoka haraka, kinga yake huondoka polepole. Umepokea faida ya kuacha mara moja. Gharama, kama ipo, huja baadaye na huja kimya.

Sasa swali lako lenyewe: je, kuna wanaoishi bila dawa? Umeuliza jambo ambalo watafiti wa Uingereza waliwahi kulipima kwa uangalifu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Walichukua watu 51 waliokuwa karibu sana na hali yako: moyo ulitanuka, kisha kwa dawa ukarudi kusukuma vizuri, na hawakuwa na dalili yoyote. Kundi moja liliendelea na dawa. Kundi la watu 25 liliachishwa hatua kwa hatua, kwa vipimo vya mara kwa mara. Ndani ya miezi sita, 11 kati ya hao 25 ugonjwa ulikuwa umerudi. Katika kundi lililoendelea na dawa, hakuna hata mmoja. Wengine ugonjwa ulionekana kwenye vipimo kabla wao wenyewe hawajahisi kitu.

Nakuomba uzisome namba hizo pande zote mbili, maana sitaki kukutisha kwa kuficha nusu. Watu 14 walifika mwezi wa sita bila ugonjwa kurudi. Kwa hiyo matumaini yako hayakutoka hewani. Ila hakuna aliyeweza kuwatambua mapema hao 14, na wote walikuwa wanafuatiliwa. Aliyeanza kuteleza alirudishiwa dawa upesi. Wewe umefanya jaribio lile lile, dada yangu, bila mtu wa kukutazama. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kuacha kwenyewe.

Na hapa ndipo ninapolazimika kukurudisha kwenye mistari uliyoipita haraka. Kilo mbili. Pete inayobana. Miguu inayojaa mara moja moja. Mto wa pili.

Kila kimoja kina maelezo yake, na huenda uko sahihi kwa vyote: chakula, joto, kusimama sana, shingo. Lakini vikipangwa pamoja vinafanana na ule mwezi kabla binti yako hajakukuta sakafuni, ambapo pia ulikuwa na maelezo. Ulisema ni unene. Jiulize kwa upole: mto wa pili ulianza lini? Kabla ya kuacha dawa, au baada? Ukiuondoa usiku wa leo, kinacholalamika ni shingo au ni pumzi? Zile kilo zilikuja taratibu kwa wiki saba, au kwa siku chache? Wagonjwa wa moyo hufundishwa kujipima kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, na uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu wawasiliane na kliniki, kwa sababu chakula hakiongezi mwili kwa kasi hiyo. Maji huongeza. Na iwapo utashtuka usiku ukitafuta pumzi, kifua kikakubana, ukazimia au mapigo yakaenda ovyo, usisubiri tarehe wala usimwonee mtu haya. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna swali lingine dogo. Hiyo shingo unaitibu kwa nini? Kama ni dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, zinashikisha mwili maji na kuuzidishia moyo mzigo. Watu wengi wa moyo hulazwa kwa sababu ya kidonge cha mgongo au cha goti ambacho hawakufikiri hata kukitaja.

Mambo unayoyafanya bila dawa siyadharau. Kutembea kuna thamani ya kweli. Zamani wagonjwa wa moyo waliamriwa kulala kitandani. Leo wanahimizwa mazoezi, na utafiti mmoja wa mwaka 2009 uliohusisha watu zaidi ya 2,300 ulionyesha kwamba mazoezi ni salama na yanaboresha maisha ya kila siku. Ila watu wale walitembea huku wakinywa dawa zao. Na ilipopimwa mwaka 2022 kama kubana chumvi sana kunazuia vifo na kulazwa, haikuonekana tofauti ya wazi, ingawa waliobana walijisikia afadhali. Kuepuka chumvi nyingi bado ni busara kwako. Lakini chumvi mbadala nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, na potasiamu ikikutana na enalaprili au spironolaktoni inaweza kupanda kwenye damu hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Hilo lazima kliniki walijue kabla hujarudishiwa kidonge chochote.

Kuhusu majani, rafiki yako anakupenda, hilo liko wazi. Na mimea si mchezo. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha kitabu kuhusu mmea uliotibu watu waliovimba maji, na dawa ya moyo iitwayo digoksini imetoka katika jamii hiyo hiyo ya mimea. Tatizo alilokutana nalo Withering ndilo lako: kiasi kidogo kinasaidia, kikizidi kidogo kinaua, na jani halisemi limebeba kiasi gani. Chukua majani machache uende nayo kliniki. Lile la dawa kujikusanya kwenye figo ni hofu unayoweza kuipatia jibu kwa kipimo cha damu, badala ya mimi na rafiki yako kubishana juu ya figo ambazo hakuna kati yetu aliyeziona.

Basi, umebaki na njia zipi? Umeniandikia kana kwamba ni mbili tu: vidonge vitano na kikohozi, au sifuri na siri. Nadhani katikati pana nafasi kubwa ambayo hujawahi kuonyeshwa.

Kikohozi kikavu ni tabia inayojulikana sana ya enalaprili, na kuondoka kwake ulipoiacha kunaonyesha karibu wazi kwamba ndiyo iliyokisababisha. Ziko dawa za kundi jirani, kama losartani, zinazofanya kazi inayofanana na kwa kawaida hazikohozeshi. Ungeweza kubadilishiwa tangu mwaka wa kwanza. Furosemidi mara nyingi ndiyo ya kwanza kupunguzwa mwili ukishakauka maji, na hata inapobaki, saa ya kuinywa inaweza kusogezwa siku ya safari au shughuli. Kizunguzungu wakati mwingine hupungua kwa kutenganisha saa za dawa au kushusha dozi moja. Na hamu ya unyumba si jambo la pembeni. Ugonjwa wenyewe huweza kuipunguza, dawa huweza, umri wako na mabadiliko yake nao una sehemu, na hata kulala vyumba tofauti. Kama huyo kijana anakutia haya, mwombe muuguzi wa kike, au liandike kwenye karatasi umpe. Amesomea hayo, hatashtuka.

Njia nyingine ni kuomba waziwazi kuachishwa kwa uangalizi: dawa moja moja, eko na damu kila baada ya muda, na makubaliano kwamba dalili ikionekana zinarudi. Wapo madaktari watakaokataa, na baada ya zile namba 11 kati ya 25 utaelewa kwa nini. Ukiomba utapata angalau maelezo kamili ya moyo wako wewe.

Unaweza pia kukataa dawa kabisa. Ni mwili wako, na mtu mzima mwenye akili timamu ana haki hiyo. Gharama yake naitaja kwa sababu nakuheshimu. Utafiti wa mwaka 1987 uliohusu watu 253 wenye moyo uliozidiwa sana ulionyesha kwamba kwa miezi sita walifariki asilimia 44 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, na asilimia 26 ya waliopewa enalaprili. Wale walikuwa wagonjwa kuliko wewe ulivyo leo. Pengine hawakuwa wagonjwa sana kuliko wewe wa alfajiri ile.

Njia moja tu nakuomba usiifuate: kusoma haya ukashtuka, ukafungua kisanduku na kuvinywa vyote kesho asubuhi. Kavediloli huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu, na mwili ukiwa umejaa maji kuirudisha kwa nguvu kunaweza kukuzidishia. Kurudi nako kunahitaji mtu wa kukushika mkono. Ndiyo maana mwezi mmoja naona ni mrefu. Piga simu kliniki wiki hii, sema tu: “Niliacha dawa wiki saba zilizopita, nimeongezeka kilo mbili, naomba nionwe mapema.” Sentensi hiyo haikufungi kwenye vidonge vitano. Inakufungulia eko, na eko itakuambia kama ugonjwa umeanza kurudi kama kwa wale 11, ingawa ikiwa nzuri leo haihakikishi kwamba utabaki kwenye wale 14. Uamuzi bado utakuwa wako, ila utaufanya ukiwa na namba ya leo mkononi, siyo ya miezi mitano iliyopita.

Nimebakiza binti yako, na hapo naandika kwa uzito. Unahofia kumvunja moyo. Inawezekana akalia, inawezekana akakasirika, na inawezekana akaanza kukulinda kama mlinzi wa gereza, jambo ambalo litakuumiza. Lakini fikiria anachokifanya kila Jumapili. Nadhani ndivyo anavyopambana na picha ya alfajiri ile. Siku moja akijua, na chooni vidonge havipotei bila kuacha alama, atakuwa amejifunza kwamba hata mikono yake haikutosha kukufanya umwamini. Ukimwambia wewe, unaweza kuanzia kwenye uchovu wako badala ya kuanzia kwenye uongo: kikohozi, giza machoni, swali lililojibiwa kwa maneno manne. Huenda ni rahisi zaidi kumwambia mumeo kwanza, kwa sababu yeye anadhani dawa ndizo zilizokurudisha chumbani, na anastahili kujua kwa nini ulihama na kwa nini ulirudi. Wewe unawajua, mimi siwajui.

Kuna sababu moja ya kitabibu ya kufungua mazungumzo hayo. Moyo unapotanuka bila sababu kupatikana, wakati mwingine ni jambo linalotembea katika ukoo, na madaktari hushauri wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa wapimwe moyo hata kama wako wazima. Uliza kama binti yako anahitaji hilo. Si lazima awe nalo. Lakini likiwepo na likionekana mapema, yeye hatakutwa sakafuni na mtu yeyote.

Niandikie ukishatoka kliniki, uniambie eko imesoma ngapi, hata kama umeamua kinyume na vile ungehisi ningependa. Na usiku wa leo, kabla ya kulala, uondoe ule mto wa pili kwa dakika chache ukiwa macho, mumeo akiwa karibu, usikilize.

Wako anayekuwaza,
Mshauri